Ndoo Iliyozibwa kwa Mshumaa

Mwaka wa 1996 masika yalinyesha Ndhiwa siku tisa mfululizo, bila jua la kuanikia hata leso, na ndiyo sababu Jedidah aliwakausha kumbikumbi wake jikoni badala ya uani.

Alikuwa na vichuguu vinne. Viwili alivikuta alipoolewa, mali ya mama mkwe wake, na viwili viliota vyenyewe kando ya mtama akavitunza. Jembe halikupita karibu navyo. Wakati wa kiangazi alivimwagia maji ya kuoshea vyombo, na watoto walijua kwamba atakayechokoa tundu la kichuguu atalala na njaa. Majirani walimtania kwamba wenzake wanafuga kuku, yeye anafuga wadudu. Mvua zilipoanza, majirani hao hao walikuja na mabakuli.

Wale wa mchana, ambao Wajaluo huwaita agoro, hawatoki tu kwa sababu imenyesha. Huitwa. Jedidah alisimika fito juu ya kichuguu, akafunika kwa blanketi kuukuu, akachimba kishimo penye mwanga upande mmoja, kisha akakaa na vijiti viwili akigonga ubao taratibu, to-to-to-to, mpaka wadudu wakadhani ni matone. Wakatoka kwa wingi wakimiminikia kishimoni. Siku hiyo alipata debe moja na nusu.

Aliwakaanga kwenye sufuria pana bila mafuta mpaka mabawa yakakatika, akawapepeta. Hapo ndipo angewatandaza juani siku mbili, mpaka ukimfinya mmoja avunjike kama njiti ya kibiriti. Jua halikuwapo. Akawatandaza kwenye ungo kando ya mafiga, akawageuza, akangoja. Siku ya pili walikuwa bado laini kidogo ndani, lakini utamu wao ulikuwa wa ajabu. Alikula kiganja kizima. Mumewe naye akala, akasema mwaka huu wana mafuta kama samaki.

Nusu yao ilikuwa ya Mellen.

Mellen alikuwa dada yake mkubwa. Aliolewa na Maroa, Mkuria wa Kegonga, huko juu karibu na mpaka wa Tanzania, na kwa miaka ishirini na miwili hakuacha kusema kwamba kumbikumbi wa huko si kama wa nyumbani. Kila masika Jedidah alimtumia. Mwaka uliotangulia alitumia kikapu kilichofunikwa kitambaa. Kilifika kikinuka mafuta ya taa, kimejaa sisimizi, na nusu ya mzigo imeliwa njiani na watu wasiojulikana. Nchagwa, mdogo wake Maroa, aliangalia ndani akauliza, "Shemeji yangu wa Ndhiwa siku hizi anatuma mabawa?" Mellen alimsimulia Jedidah hayo huku akicheka. Jedidah hakucheka.

Kwa hiyo safari hii alinunua sokoni ndoo mbili nyeupe zenye vifuniko, zile ambamo mafuta ya kupikia huuzwa, akazisugua kwa majivu na maji ya moto. Chumvi hakutia, kwa sababu nesi alikuwa amemkataza Mellen chumvi, presha yake ilikuwa juu. Akawajaza kumbikumbi wangali na joto la moto, akawashindilia, akafunika. Kisha akawasha mshumaa, akadondosha nta kuzunguka ukingo wa kila kifuniko mpaka pasibaki mahali pa sisimizi kupita. Ndoo moja ya Mellen, nyingine ya kwake ya kungojea Agosti. Alizitazama zikiwa zimepangana ukutani, akajiona amefanya kazi nadhifu.

Ndoo ya Mellen iliondoka siku ya Ijumaa na mwanamke mmoja mchuuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani, hadi Migori mjini, dukani kwa Abdullah. Abdullah aliuza vitambaa na chupa za chai, na watu wa Kuria walizoea kuachiana mizigo kwake. Ijumaa hiyo hiyo mto ulifurika, barabara ya kupanda juu ikakatika, na ndoo ikakaa dukani siku sita. Nchagwa aliichukua Alhamisi.

Jumatatu yule mchuuzi wa omena alirudi Ndhiwa na habari nyingine. "Dada yako anaumwa," alimwambia Jedidah. "Macho yamekataa kufunguka na koo limekataa chakula."

"Ni malaria?"

"Wanasema hana homa."

"Mtu anaumwaje bila homa?"

Jedidah alifunga nguo zake, na kwa kuwa hakuna kilichowahi kumrudishia Mellen hamu ya kula kama kumbikumbi wa nyumbani, akachukua na ile ndoo ya pili.

*

Jumanne saa nne asubuhi aliingia dukani kwa Abdullah kuuliza kama barabara imefunguka. Migori jua lilikuwa limerudi na mabati yalikuwa yanalialia kwa joto. Kultum, mkewe Abdullah, alitoka nyuma ya meza, akampokea ndoo na mfuko, akamwekea kigoda. Hakumsalimia kwa maneno mengi kama kawaida yake.

"Kaa, Mama Ken."

"Sikai, shoga yangu. Nawahi gari."

"Kaa kwanza," Abdullah alisema. Alikuwa anapima kitambaa, akakiacha nusu.

Jedidah akakaa.

"Mellen ametangulia," Kultum alisema. "Alfajiri ya leo, hospitalini. Nchagwa amepita hapa kununua shuka nyeupe. Pole, dada yangu. Pole sana."

Jedidah aliwaza kwamba shuka nyeupe hazina haja, Mellen alipenda za maua. Aliwaza hivyo kwa muda mrefu kidogo. Kisha akasikia Abdullah anazungumza.

"Amana yako niliitunza, wallahi. Niliipandisha rafu ya juu kabisa, pale chini ya bati, panya wasifike. Haikuguswa na mtu. Nta haikupasuka hata kidogo. Nchagwa mwenyewe aliiona."

"Abdullah," Kultum alisema.

"Nasema tu ajue."

"Nijue nini?" Jedidah aliuliza. Aliangalia rafu ya juu. Aliangalia bati. "Kwani ndoo imefanya nini?"

Mume na mke walitazamana. "Watu wakifiwa husema mengi," Kultum alisema, na akaenda kumletea maji.

*

Kegonga alifika adhuhuri. Alilia tangu barabarani, kama inavyotakiwa, na wanawake wa mji ule wa akina Maroa walitoka kumlaki wakilia, mmoja akamtua ndoo kichwani bila kumwuliza, kwa sababu anayekuja msibani haachwi na mzigo. Walimpeleka alipolazwa Mellen. Uso haukuwa na jeraha wala uvimbe. Kope tu zilikuwa zimeshuka, kama za mtu anayesinzia kanisani na hataki kuonekana.

Aliyemweleza mambo alikuwa Mourine, binti mkubwa wa Mellen, mwenye miaka kama ishirini. Walikaa nyuma ya jiko, mbali na waombolezaji.

"Mama mdogo, mama aliifungua pale pale ilipofika. Alikata nta kwa kisu akala amesimama. Alikuwa anakula na kutuambia habari zenu, jinsi mlivyokuwa mnagonga vijiti mkiwa watoto. Nyanya, mama yake baba, naye akapewa kiganja. Nikasema tuwapashe moto kwanza, mama akasema dada amewapika tayari, mnataka kuwapika mara ngapi?"

"Na nyinyi wengine?"

"Sisi tulikula jioni. Baba hapendi chakula kikavu, kwa hiyo nilichemsha na nyanya na vitunguu mpaka mchuzi ukawa mzito. Tukamaliza sufuria. Hakuna aliyeumwa hata tumbo."

"Ndoo hiyo hiyo?"

"Hiyo hiyo."

Jedidah alijaribu kuliweka hilo mahali kichwani mwake na halikukaa.

"Ijumaa jioni," Mourine aliendelea, "alisema anaona mbuzi wawili pale alipofungwa mmoja. Tulicheka, mama mdogo. Tulimwambia hiyo ni baraka, aangalie na ng'ombe. Jumamosi sauti ikawa nzito, anaburuta maneno kama mlevi, na mama hajawahi kuonja pombe. Baba akakasirika kidogo. Halafu kope zikaanguka. Akitaka kukuona anainua moja kwa kidole. Lakini akili zake zote zilikuwepo. Alikuwa ananiambia nisisahau kumtoa kuku anayeatamia. Maji yakawa yanarudi kwa pua. Hospitali walimpa dawa ya malaria, wakampima uti wa mgongo. Mwisho kifua kikachoka kuvuta pumzi. Tu hivyo. Kikachoka."

"Na mama mkwe wake?"

"Nyanya yuko ndani. Kope zake nazo zimeshuka, lakini anameza. Pole pole anameza."

Jedidah akauliza jambo alilojua tayari. "Watu wanasema nini?"

Mourine alifuta mikono yake mikavu kwenye leso. "Wengine malaria ya kichwa. Wengine presha. Baba mdogo Nchagwa anasema waliougua ni wawili, nao ndio wawili waliokula kutoka kwenye mkono wako kabla chakula hakijapita kwenye mkono wa mwingine."

Hayo yalikuwa kweli. Hilo ndilo lililomchanganya Jedidah kuliko yote, kwamba Nchagwa hakuwa amesema uongo. Lakini mkono ule ule ulimpa mumewe, ukajipa na mwenyewe, nao walikuwa wazima. Kama mkono una sumu, unachaguaje?

*

Wanawake wa jikoni walipokwenda kupakua kile alicholeta mgeni, waliitambua ndoo. Nyeupe, kifuniko cheupe, nta pande zote. Mmoja akaitoa nje akaiweka kwenye meza ndogo katikati ya uwanja, mbele ya wazee wa ukoo, na hakuna aliyesogea karibu nayo. Jedidah aliitwa.

Maroa alikuwa ameketi kwenye kiti cha kamba, macho mekundu, hajavaa viatu. Nchagwa alikuwa amesimama. Mzee Kerosi, baba yao mdogo aliyeongoza msiba, alikuwa na fimbo mapajani. Pembeni kwenye benchi alikaa msichana mwenye viatu vya mvua na mkoba wa ngozi begani. Huyo aliitwa Edith. Alikuwa afisa wa afya, mwenyeji wa Homa Bay, na hospitali ilimtuma kwa sababu wagonjwa wawili wenye macho ya namna moja walitoka mji mmoja.

"Shemeji," Nchagwa alisema, na alisema kwa adabu. "Hii ni ya siku ile ile?"

"Ya siku ile ile. Nilijaza mbili."

"Hapa kwetu anayeleta chakula ndiye anatangulia kuonja. Sijui kwenu."

"Kwetu pia."

"Basi."

Alichomoa kisu, akapasua nta. Kifuniko kilipoachia kilitoa pumzi ndogo, fss, kama mtu aliyeguna. Waliokuwa mbele wakarudi nyuma hatua moja. Jedidah akainama akanusa. Palikuwa na uchachu kidogo, wa mbali, si wa kuoza. Kumbikumbi wenyewe walikuwa wanang'aa kwa mafuta. Walipendeza kuliko siku aliyowafunga.

"Msiwale," Edith alisema akainuka. "Mama, tafadhali. Mtu asile hiyo."

"Kwani wewe ni nani wa mji huu?" mzee mmoja aliuliza.

"Mwache aseme," alisema Mzee Kerosi. "Serikali imemlipia viatu."

Watu wawili watatu walicheka kidogo wakajizuia. Edith hakucheka. Alimgeukia Jedidah, si wazee. "Mama, uliwapikaje?"

Jedidah akamweleza. Sufuria, ungo, mafiga, mvua.

"Chumvi?"

"Sikutia. Dada alikatazwa."

"Uliwafunga wakiwa baridi au na joto?"

"Na joto. Mafuta yasigande."

"Na dukani ndoo ilikaa wapi?"

"Chini ya bati," Nchagwa alijibu. "Juu kabisa. Hata mimi nilipoishika ilikuwa na joto kama mtoto mwenye homa."

Edith alitikisa kichwa kama mtu anayesikia masahihisho ya mtihani wake mwenyewe. "Nadhani najua. Nasema nadhani. Tulisoma chuoni, sijawahi kuiona. Kuna vijidudu vinaishi kwenye udongo. Kumbikumbi anatoka kwenye udongo, anatoka navyo. Ukikaanga, vinajifungia kama mbegu ndani ya ganda, havifi. Vikibaki kwenye hewa, au pakavu, au penye chumvi, vinalala tu. Lakini ukivifungia pasipo hewa, na unyevu, na joto, na siku nyingi, vinaamka. Vinatoa sumu. Hiyo sumu inalegeza kope, halafu koo, halafu kifua."

"Nilionja," Jedidah alisema. "Binti yangu, nilionja. Nilikula kiganja kizima. Mume wangu alikula. Tuko hai."

"Uliwaonja lini?"

"Siku niliyowafunga."

"Siku hiyo sumu haikuwepo, mama."

"Basi iliingia wapi? Kwa Abdullah? Nta haikupasuka."

"Haikuingia. Ilitengenezwa humo humo ndani."

"Na nani?"

"Hakuna mtu," Edith alisema.

"Na hawa wa nyumba hii walikula ndoo hiyo hiyo kwenye mchuzi wa nyanya!"

"Kwa sababu waliwachemsha vizuri. Mbegu zake moto wa sufuria hauziwezi, lakini sumu yenyewe inaharibika ikitokota dakika kumi."

Nchagwa alikunja mikono. "Kwa hiyo hakuna aliyekosea. Mama wa watu amekufa na hakuna aliyekosea."

"Sijasema hivyo."

"Basi amekosea huyu."

"Hilo pia sijasema."

"Unasema nini wewe, msichana?"

Jedidah alimwangalia Edith kwa huruma, kwa sababu aliona kwamba hata yeye mwenye mkoba amefika mwisho wa alichofundishwa.

Alirudi kwenye mambo yake moja moja. Alikuwa amekosa jua, akatumia moto. Aliacha chumvi kwa ajili ya presha. Aliziba kwa nta kwa ajili ya sisimizi. Abdullah alipandisha rafu ya juu kwa ajili ya panya. Nchagwa aliibeba kwa mikono miwili kwenye tope asiidondoshe. Kila mtu aliyeigusa ndoo ile aliigusa kwa uangalifu. Alitafuta mahali ambapo mtu mmoja alizembea, awe yeye au mwingine, apate pa kusimama na kulia, na hakupaona.

Maroa alizungumza kwa mara ya kwanza. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Dada, kula kidogo tu. Mimi siamini kwamba umeua. Kula mmoja wawili, wazee waone, maneno yaishe, tumzike mke wangu kwa amani. Nimechoka."

Hakuwa anamtega. Alikuwa anamfungulia mlango. Jedidah alijua kwamba akipita katika mlango ule atasimama kesho kaburini kama dada wa marehemu, na watoto wa Mellen wataendelea kuja Ndhiwa Desemba kama walivyozoea. Asipopita, hatakuwa na jina katika mji huu isipokuwa moja.

"Anaweza kula akafa," Edith alisema haraka. "Na anaweza kula asipatwe na kitu. Sumu haienei sawasawa. Upande huu inaweza kuwepo na upande ule isiwepo. Kula kwake hakuonyeshi chochote."

"Kunaonyesha moyo," Nchagwa alisema.

Jedidah aliingiza mkono ndooni. Walikuwa laini, na ndani kabisa bado palikuwa na uvuguvugu wa safari. Alichota. Alipoinua macho aliwaona wanawake wa jikoni wamejipanga mlangoni na sahani, na mbele yao Mourine, amekwisha kukunja mikono ya sweta yake. Hakuelewa kwa nini wana sahani. Kisha akaelewa. Anayeleta akishaonja, waliobaki hula, na aliye karibu zaidi kwa damu ndiye wa kwanza. Ndivyo ilivyo kwao na ndivyo ilivyo hapa. Mourine alikuwa anangoja kumsafisha mama yake mdogo mbele ya watu wote.

Yeye Jedidah alichota upande huu. Mourine atachota upande gani?

Akawaachia kumbikumbi mmoja mmoja warudi ndooni mpaka kiganja kikabaki na mafuta tu.

"Sili," alisema.

"Dada," Maroa alisema.

"Sili, na hakuna atakayekula. Nikila nikabaki mzima, mtakula wote. Mimi ndiye niliyewafunga. Mshumaa niliwasha mimi. Mkitaka kusema nimemwua dada yangu, semeni, sijui hata mimi niwaambie nini. Lakini hii haiingii kwenye sahani."

"Mmeona," Nchagwa alisema polepole, akiwageukia wazee. "Amekataa."

Wanawake walirudi jikoni na sahani zao. Edith alitoa chupa ndogo mkobani, akachota kumbikumbi kwa kijiko, akaifunga na kuandika juu yake. Jedidah mwenyewe aliibeba ndoo mpaka nyuma ya zizi, Mourine akamchimbia shimo refu, wakamimina mafuta ya taa, wakawasha, wakafukia. Harufu iliyotoka ilikuwa tamu mno. Mourine alifunika pua. Jedidah aliosha mikono mara tatu, kisha mara ya nne.

Chupa ya Edith ilipelekwa Nairobi. Miezi mitatu baadaye alimwandikia Jedidah barua kwamba jibu bado, na baada ya hapo akahamishwa. Mpaka leo jibu hilo halijafika Ndhiwa.

*

Mazishi yalikuwa Jumatano saa tano. Jedidah hakuitwa mbele. Alisimama nyuma karibu na ua wa katani, akaona migongo, na udongo aliutupa wa mwisho baada ya wengine kuondoka. Hakuna aliyemtukana. Walipompita walimpa nafasi pana, kama unavyompa nafasi mtu aliyebeba sufuria ya moto.

Alikuwa anafunga mfuko wake wa kuondoka Mourine alipomjia.

"Nyanya anakuita."

Susana, mama yake Maroa, alikuwa ameketishwa kitandani na mito mitatu mgongoni, kama Edith alivyoagiza. Aliinua ukope wa kushoto kwa kidole, akamtazama Jedidah, akauachia. Maneno yake yalitoka yakiburuta.

"Tangu jana sijala."

"Wanawake hawajakuletea, mama?"

"Wameleta. Hawa wanapika huku wanapiga soga. Nani anajua wamechemsha nini." Alipumzika kupata nguvu. "Nimesikia ulivyofanya uwanjani. Katika mji huu leo ni wewe peke yako unayeogopa chakula. Wewe ndiye utanipikia. Uji."

"Mama, mimi ndiye..."

"Nimeuliza? Nimesema uji. Wa wimbi."

Jedidah alikwenda jikoni. Wanawake waliomkuta mle walinyanyuka mmoja baada ya mwingine, wakakumbuka kazi nyingine nje. Alibaki na Mourine. Aliosha sufuria kwa majivu na maji ya moto, akasita, kwa sababu na ile ndoo aliiosha hivyo hivyo. Akaiosha tena. Alichagua unga, akaunusa, unga haukunuka kitu, na kutonuka hakukumwambia lolote. Akakoroga, akangoja utokote. Dakika kumi, Edith alisema. Saa hakuwa nayo. Akaanza kuhesabu kimoyomoyo, sitini mara kumi, akafika sitini ya nne, akakumbuka Mellen amesimama na kisu mkononi, anakula na kusimulia jinsi walivyokuwa wakigonga vijiti, akapoteza hesabu. Akaanza upya. Akapoteza tena.

Mourine aliangalia ndani ya sufuria. "Mama mdogo, huo sasa ni ugali."

"Utamkaba?"

"Utamkaba."

Jedidah akaongeza maji. Lakini maji yale yalikuwa mabichi, kwa hiyo uji wote ulikuwa mbichi tena. Akasukuma kuni ndani.

Sauti ya Susana ilisikika kutoka chumbani, ikijikokota. "Bado?"

"Bado kidogo, mama."

"Sumu imenishindwa," kikongwe alisema. "Huyu ataniua kwa njaa."

Mourine alicheka, kicheko kilichomtoka bila ruhusa, kisha kikageuka kuwa kilio akiwa ameushika ukingo wa meza. Jedidah alitaka kumshika, lakini uji ulikuwa umeanza kutokota, na hakuthubutu kuuacha. Alinyoosha mkono mmoja akamshika bega, na kwa mkono mwingine akakoroga. Alifika mia mbili na kitu. Hakukumbuka ni kitu gani, akaanza tena moja.